Povu Laini Juu ya Kitanda cha Mama

Kazini kwangu kuna beseni la bluu ambalo halijawahi kufuliwa nguo. Linakaa juu ya meza yangu, lina maji nusu, na pembeni yake kuna vipande viwili vya povu lililokauka, kila kimoja ukubwa wa mkate. Mteja akiingia kuulizia dawa ya joto la bati, sipotezi maneno. Navizamisha vyote viwili, navikandamiza kwa viganja, nahesabu hadi thelathini, navitoa. Kile kigumu nakipangusa kwa kitambaa na kumpa akikate kwa kisu, aone kilivyo kikavu ndani. Kile laini nakiminya mbele ya macho yake, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hapo mteja hucheka, nami naanza kuandika vipimo vya paa lake.

Nimefanya mchezo huo miaka tisa katika karakana moja ya Manzese, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Mafundi wetu hupuliza povu kwenye vyumba vya baridi vya samaki na kuku, kwenye makontena yaliyogeuzwa ofisi, na siku hizi kwenye nyumba za watu waliochoka kuokwa na mabati yao wenyewe. Mimi si fundi, ni karani wa mapokezi. Lakini ukikaa na mafundi miaka tisa, ukawasikiliza wakibishana wakati wa chai, kichwa kinajaa. Kwa hiyo nikisema kwamba nilijua, naomba nieleweke: nilijua vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu.

Sitalisingizia povu laini. Lina kazi yake. Likipulizwa, linaumuka papo hapo kama andazi kwenye mafuta, linaingia kila ufa, ni jepesi, na linameza sauti. Wenye studio za muziki wanalipenda kwa sababu hiyo. Likiwa ndani ya ukuta mkavu halina neno. Povu gumu haliumuki sana, ila likishakauka unaligonga kama mbao. Linang'ang'ania bati mpaka ulibandue kwa patasi, na unene mdogo tu unazuia joto ambalo laini lingehitaji unene mara mbili kulizuia. Tofauti kubwa iko kwenye maji. Gumu haliyapitishi. Laini hupitisha hewa, mvuke na maji, na kinachoingia hakina haraka ya kutoka. Hapa Dar bati hutoka jasho alfajiri hata kama mvua haijanyesha, kwa sababu hewa yenye unyevu inagusa chuma kilichopoa. Weka povu laini chini ya bati la namna hiyo, tena lenye matundu ya misumari, na umejitundikia sifongo juu ya kichwa.

Nyumba yangu iko Kibamba. Nilihamia ikiwa haina dari, kama wanavyohamia wote, maana kwetu hakuna nyumba inayokwisha, kuna nyumba inayohamiwa. Paa lilipigiliwa misumari ya kawaida yenye vipira, na vipira vya upande wa magharibi vilikuwa vimeliwa na jua. Mchana ukilala chali chumbani unaona vitundu vya mwanga. Mvua ikinyesha, tone linaanguka sehemu mbili, nami nilishaweka ndoo zangu mbili nikazizoea.

Mama aliletwa kwangu mwezi wa Novemba kutoka nyanda za juu, huko kwetu ambako watu hukoka moto ndani hata mwezi wa kumi na mbili. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilikuwa inavimba. Daktari wa kliniki alisema atamwona kila baada ya wiki mbili, na kwamba asiende mbali mpaka dawa zimkae sawa. Alilisema hilo akimtazama Mama, halafu akanitazama mimi na kulirudia. Nikamwahidi.

Januari ikatushinda. Saa nane mchana chumba cha Mama kilikuwa hakikaliki. Alikuwa akibeba kigoda chake na kutoka nje, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na kivuli kikisogea naye anasogea, mpaka jirani akawa anapiga hesabu ya saa kwa mahali alipokaa. Mama alikuwa mwanamke wa heshima zake. Kukaa kwenye ukuta wa watu kila siku kulimuumiza kuliko joto lenyewe.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "sikukataa kutibiwa. Nakataa kuokwa. Nangoja Pasaka. Ikipita hali ikiwa hivi, nirudishe."

Nikaenda kwa bosi wangu. Si mtu wa maneno mengi, lakini aliwahi kuuguza mama yake, na aliponisikiliza akasema kuna povu gumu limebaki kwenye kazi ya chumba cha samaki, litatosha chumba kimoja. Jumamosi ya wiki inayofuata mafundi watakuja, watabadilisha misumari waweke skrubu, kisha watapuliza. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimebakiza kumwambia Mama tu, nikasema nitamwambia Jumapili baada ya ibada.

Jumapili akaja mjomba.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo nitaonekana mjinga mtupu. Katika ukoo wetu, mwanamke akifiwa na mume, kaka au mdogo wake wa kiume hukata nyasi na kuja kumwezekea upya nyumba kabla ya mvua za kwanza. Ni namna ya kumwambia kwamba bado ana watu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Mjomba, mdogo wake Mama wa tumbo moja, alikuwa ameshakuja Dar kutafuta maisha Tandale, na hakutokea. Nyumba yetu iliezekwa na majirani. Mama hakuwahi kulalamika, ila mazungumzo yakifika kwenye mapaa alikuwa akiinuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuhitaji kutazamwa. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote.

Sasa mjomba alikuwa fundi wa dari za jipsamu, mzee wa miaka sitini mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi, anayeongea Kiswahili cha mjini kuliko waliozaliwa mjini. Siku hiyo alimkuta dada yake kwenye kigoda, amejibanza kwenye ukuta wa jirani, kanga imelowa jasho. Alisimama pale muda mrefu bila kutoa utani wake wa kawaida. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Dada, shikamoo. Kule nyumbani sikuja. Hapa mie mwenyewe ndo nitakufunika."

Mama aliweka mkono mdomoni. Sikuwahi kumwona akilia kwa sababu ya baba, lakini siku hiyo alilia.

Mjomba akaeleza. Alikuwa amemaliza kazi ya studio ya muziki huko mjini, alifundishwa kushika mashine ya kupulizia, na mwenye kazi alimwachia mapipa mawili ya povu yaliyobaki. Mwenye mashine ni rafiki yake, atamwazima. Hataki hata soda. Nilipomsikia akitaja studio nikajua ni povu gani. Nikamuuliza hata hivyo, akathibitisha. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba kazini kwetu kwenye mabati huwa tunatumia lile lingine.

"Mjomba, povu ni povu," akasema huku akicheka. "Lenu hilo la kuhifadhia samaki. Mama yako si samaki."

Wote tukacheka. Mama alicheka kuliko wote, machozi hayajakauka usoni. Na mimi nikacheka. Mpaka leo naisikia sauti yangu katika kicheko kile na ninaichukia.

Jumatatu nilimwambia bosi kwamba mafundi wasije, mama yangu anasafiri. Alishangaa, akaniuliza mara mbili, nikadanganya mara mbili. Nilijiambia kwamba namheshimu mjomba, na kwamba zawadi iliyochelewa miaka thelathini na kitu haipimwi kwenye beseni. Nilijiambia pia kwamba pengine mvua za mwaka huo zitakuwa haba. Mtu akiamua kunyamaza hakosi sababu.

Mjomba alipuliza katikati ya wiki, amevaa ovaroli la nailoni na barakoa, na kwa sababu ya harufu sisi tulilala kwa jirani siku mbili. Tuliporudi, paa la chumba cha Mama lilikuwa limegeuka wingu la rangi ya maziwa ya unga. Vitundu vya mwanga vilikuwa vimefunikwa vyote. Nilimkumbusha mjomba kwamba povu la aina yoyote halitakiwi kuachwa wazi kwa sababu linashika moto, akasema bodi za jipsamu ataleta wiki inayofuata. Wiki hiyo haijafika mpaka leo.

Nitasema kweli: kwa majuma matatu mjomba alikuwa shujaa. Chumba kilipoa. Mama alikuwa akilala mchana bila kuvua gauni la ndani, miguu ilipungua, na kigoda kikarudi jikoni. Jirani alipopita alimwita aingie atazame juu. Mdogo wangu kaniezekea, alikuwa akisema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, ya msichana anayeonyesha kiatu kipya. Ningemwambia nini mtu wa namna hiyo? Nilikuwa natoka kazini, nimetoka kumwaga maji ya beseni, nafika nyumbani naungana nao kusifia.

Mvua za masika zikaanza mchana wa siku ya mapumziko. Mama hakujua kama inanyesha mpaka alipotoka akakuta uwanja umejaa maji. Alisema ni ajabu kukaa chini ya bati usisikie mvua, na kwamba amekosa kidogo ile sauti. Mimi nilikuwa natazama ndoo zangu mbili. Zilikuwa kavu. Mvua ile ilinyesha kwa muda wa saa tatu na hakuna tone lililoanguka. Mtu mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikitazama juu, maana nilijua maji yako wapi.

Baada ya wiki mbili ikaja harufu, ile ya dekio lililosahaulika ndani ya ndoo. Yakaja mabaka ya rangi ya chai. Mama akaanza kukohoa, na kliniki daktari akauliza kama anakolala kuna unyevu. Mama akajibu haraka kwamba hapana, anakolala ni pakavu, kumeezekwa juzi. Daktari akanigeukia. Nikasema nitaangalia.

Na niliangalia. Mama alipokuwa kwa jirani nilipanda kiti, nikabonyeza wingu lile kwa kidole. Maji yakatoka, yakanipita kwenye mkono mpaka kwenye kiwiko, njia ileile yanayopita kila siku nikiwa kazini. Nilishuka, nikafuta sakafu, nikaanika kitambaa. Mama aliporudi nilimkaribisha chai. Nikajipa tena muda: mpaka mjomba alete jipsamu, mpaka mvua zikate, mpaka Pasaka ipite. Siku hizo kazini nilikuwa mkali kama pilipili. Niliwamwagia povu mafundi wote, na mlinzi pia, kwa makosa ambayo siyakumbuki hata moja.

Lilianguka Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, Mama akiwa amejilaza. Kipande kikubwa kama mto wa kulalia, kizito kwa maji, kilibanduka juu na kumwangukia kwenye mapaja. Hakuumia. Lakini alilowa kuanzia kifuani hadi miguuni, na godoro likalowa, na pale kilipokuwa kimeshika bati palionekana kutu nyekundu, na kitundu kimoja cha mwanga. Niliingia nikamkuta ameketi, amekipakata kile kipande kama mtoto, anakiminya taratibu, anatazama maji yakitoka.

Nilikuwa nimeshamsimulia habari za beseni langu mara nyingi. Ndiyo ilikuwa hadithi yangu ya mezani, nilipenda anavyocheka.

"Hili ni lipi?" akauliza. "Kati ya yale mawili ya kwenye beseni lako."

"Ni laini, Mama."

"Ulijua siku ile?"

"Nilijua. Niliogopa kumvunjia mjomba heshima. Na wewe ulikuwa umefurahi."

Nilimletea kanga kavu, akaikataa kwa mkono.

"Yule nimembeba mgongoni mimi," akasema. "Ungeninong'oneza tu. Ningemwambia, mdogo wangu, lile hapana, kalete lile gumu, na angekimbia. Lingewekwa na mikono yake, na angekuwa kaniezekea vilevile. Wewe hukumheshimu mjomba wako, mwanangu. Uliona mimi ni mtu wa kudanganywa ili nifurahi."

Nilitaka kujitetea. Lakini lilikuwa jambo dogo kiasi hicho: kunong'ona. Mafundi walikuwa tayari, povu gumu lilikuwepo, mjomba angeweza kuishika mashine siku ileile ya Jumamosi akiongozwa na vijana wetu. Katika hesabu zangu zote za adabu sikuwahi kufikiria kwamba dada mkubwa anaweza kumwambia mdogo wake hapana bila dunia kupasuka.

Mjomba alikuja siku ya pili yake. Alitazama juu, akapiga ulimi, akasema bati langu ndilo linalovuja, povu lake halina kosa, na misumari ya namna ile nani bado anaitumia. Kilichonikera zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Mama alimpa chai, akamuuliza habari za watoto, na hakutaja paa hata mara moja. Nadhani alikuwa ananionyesha kunyamaza kwa heshima kukoje, na kulivyo tofauti na kule kwangu.

Jumatatu baada ya Pasaka nikamsindikiza kituo cha mabasi. Alikuwa na kadi yake ya kliniki ndani ya bahasha, na ahadi kwamba ataonekana katika hospitali ya wilaya. Nilimkumbusha ahadi ya daktari, akasema daktari alikuahidi wewe au wewe ndiye uliyemwahidi? Hakulisema kwa ukali. Alinishika shavu kabla ya kupanda.

Mvua zilipokata nikawaita vijana wa kazini. Walikwangua povu lote, wakajaza mifuko kumi na minne, na mingine ilibebwa na watu wawili kwa uzito wa maji. Waliondoa mabati matatu yaliyooza, wakapiga skrubu, wakaacha paa likauke siku kadhaa, ndipo wakapuliza gumu, na chini yake wakafunga jipsamu. Kazi safi. Mchana wa jua kali chumba kile sasa kina ubaridi wa zahanati. Mvua inasikika kwa mbali, sauti nene, isiyo na fujo. Nilipoisikia mara ya kwanza, mvua moja iliyokuja nje ya msimu, nilitoa simu nikampigia Mama.

Nikamweleza kila kitu, hadi skrubu. Akasikiliza.

"Nani kapuliza?" akauliza.

Nikamwambia ni vijana wa kazini.

"Sawa," akasema. "Ni vizuri. Nikishavuna maharage nitaangalia."

Alivuna. Hakuja. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali na barabara ilikuwa na matope, na mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, moyo wake ukasimama akiwa anachambua maharage hayohayo. Sitasema povu lilimuua mama yangu. Alikuwa mzee na alikuwa mgonjwa. Nasema tu kwamba alitakiwa awe karibu na daktari wake, na kilichomwondoa karibu na daktari nilikiona kikipulizwa.

Tulimzika kwetu. Baada ya kaburi, watu wamekaa kwenye majamvi, mjomba akasimama kusema neno la upande wa mama, kama ilivyo desturi. Alikuwa ameacha kupaka nywele rangi. Zilikuwa nyeupe zote. Alisema dada yake alimbeba mgongoni. Alisema kuna deni lilimlala rohoni kuhusu nyumba hii hapa, deni la nyasi, kila mzee aliyekaa pale analijua. Kisha akasema kwamba Mungu ni mwema, alimpa nafasi mjini, na kwa mikono yake mwenyewe alimfunika dada yake, akalala pakavu, ila joto la Dar ndilo lililomfukuza.

Wazee wakatikisa vichwa. Shangazi mmoja akanigusa goti, akaninong'oneza, kweli mwanangu, alimwezekea? Alininong'oneza, kwa hiyo ningeweza kumjibu kwa mnong'ono. Hakuna ambaye angesikia. Mjomba alikuwa bado amesimama, anafuta uso kwa kiganja, ananitazama mimi, anangoja.

"Ndiyo, Shangazi," nikasema, tena kwa sauti, wote wasikie. "Alimwezekea. Alilala pakavu."